Barua ya Wazi Kuhusu Gati la Carlisle, Dún Laoghaire

Kwa Waheshimiwa Madiwani na Mtendaji Mkuu wa Halmashauri ya Kaunti ya Dún Laoghaire-Rathdown, na kwa Mawaziri wa Serikali ya Ireland wenye dhamana ya uchukuzi, makazi na turathi.

Waheshimiwa,

Barua hii nimeiandika kwanza kwa Kiswahili, na nakala ya Kiingereza mtaipata mezani kwenu. Hoja ninayoileta ni nzito kidogo, na mzigo mzito mtu huubeba kwa bega alilolizoea. Tena wasemaji wa Kiswahili katika miji ya Ireland si haba siku hizi, na wengi wao hufika kwenye bandari yetu Jumapili kwa Jumapili, wakala aiskrimu, wakapunga upepo, wakarudi makwao bila kujua wametembea juu ya nini. Kwa ajili yao nitaeleza mambo ambayo ninyi mnayajua tangu utotoni, nami naomba mnivumilie.

Ombi langu ni moja. Gati la Carlisle, ambalo kwa zaidi ya miaka 100 Waireland waliondokea kwenda Uingereza kutafuta riziki, lisije kutolewa kwa mwekezaji wa nyumba za kifahari, wala lisiachwe liendelee kuwa uwanja wa kuegeshea magari. Lirudishwe kwa umma, liwe mahali pa kukumbukia safari hizo, na ubavu wake mmoja ubaki na uwezo wa kupokea meli ya abiria. Kwa nini nasisitiza hilo la meli, nitaeleza baadaye.

Mji huu, unaoandikwa Dún Laoghaire na kutamkwa “Dan Liri”, uko kama kilomita 12 kusini mwa Dublin, na jina lake maana yake ni ngome ya Laoghaire, mfalme wa karne ya 5. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 kilikuwa kijiji cha wavuvi chenye gati dogo lililokuwa likijaa mchanga. Kilichokigeuza kuwa mji ni msiba. Mnamo Novemba 1807 meli mbili, Prince of Wales na Rochdale, ziling'oa nanga Dublin zikiwa zimepakia askari waliokuwa wakipelekwa vitani, zikakutwa na dhoruba ya theluji zikiwa bado ndani ya ghuba. Ghuba ya Dublin ilikuwa na sifa mbaya kwa mabaharia wote: mchanga uliuziba mlango wa mto Liffey, na meli iliyofika kabla ya maji kujaa ililazimika kungoja nje, ikiwa wazi kwa upepo wa mashariki, bila pa kukimbilia. Meli zote mbili zilivunjika miambani upande wa Blackrock na Seapoint, hatua chache kutoka nchi kavu, na watu karibu 400 wakafa.

Aliyelivalia njuga suala hilo alikuwa mgeni. Richard Toutcher, baharia mzaliwa wa Norway aliyekuwa amehamia Dublin, alianza kuandika vijitabu na maombi kwa wakubwa wa wakati wake, akidai ijengwe bandari ambayo meli yoyote iliyo taabani ingeweza kuingia na kujisitiri. Kwa Kiingereza waliiita bandari ya “asylum”, yaani bandari ya hifadhi. Neno hilo, hifadhi, lina uzito wake kwa mtu aliyewahi kujaza fomu kwa ajili yake, na kila ninapolisoma kwenye maandishi ya kale ya mji huu hunibidi nisimame kidogo. Toutcher hakuishia kwenye maneno: alijipatia haki za kuchimba mawe kwenye vilima vya Dalkey ili ujenzi usikwame kwa kukosa malighafi, akayatoa mawe hayo kwa kazi hiyo, na malipo aliyoyatarajia hakuyapata. Alikufa mwaka 1841 akiwa amefilisika, mwaka mmoja kabla ya bandari kutangazwa kuwa imekamilika. Mtu akitaka kujua barua za wazi hulipa nini, hilo ndilo jibu, na bado naandika.

Jiwe la msingi liliwekwa Mei 1817, kwa ramani ya mhandisi John Rennie. Gati la Mashariki lina urefu wa kilomita 1.3 na la Magharibi kilomita 1.5, yakikumbatia maji ya eneo la takriban ekari 250. Mawe ya graniti yaliteremshwa kutoka machimbo ya Dalkey kwa magari madogo yaliyofungwa minyororo na kupita juu ya reli, na utaratibu wake ulikuwa wa werevu mno: gari lililojaa likishuka kwa uzito wake, lilivuta tupu lipande. Njia hiyo bado ipo, watu wanaiita The Metals, na mtu anaweza kuifuata kwa miguu kutoka kilimani mpaka baharini kwa muda usiozidi saa moja. Wachimbaji waliishi vibandani kwenye uwanda wa Dalkey, katika ufukara ambao hakuna aliyeona haja ya kuujengea mnara.

Mnara alijengewa mfalme. Septemba 1821 George IV aliondokea hapa kurudi Uingereza baada ya ziara yake, na kwa tendo hilo tu la kupanda meli mji ukabadilishwa jina kuwa Kingstown, likasimamishwa na nguzo la mawe juu ya matufe manne ya mawe, ambalo lipo hadi leo na kwa macho yangu halijawahi kupendeza. Jina la Kifalme lilidumu hadi 1920.

Msione kama napita haraka kwenye mambo ambayo vitabu vyenu vya utalii huyakuza. Reli kutoka Dublin, iliyofunguliwa Desemba 1834, ilikuwa ya kwanza katika Ireland nzima, na ndiyo iliyougeuza mji huu kuwa makazi ya wenye nazo waliofanya kazi Dublin asubuhi na kurudi jioni kwenye upepo wa bahari. Lakini reli hiyo hiyo ilichimbiwa handaki kando ya ufuo, ikautenga mji na bahari yake. Vilabu vya mashua viliota ufuoni. Marconi alitangaza mashindano ya mashua kwa redio kutoka baharini mwaka 1898. Haya yote ni ya kujivunia, na yameshaelezwa vya kutosha.

Yaliyoelezwa kidogo ni kwamba bandari ya hifadhi, tangu mwanzo kabisa, iligeuka kuwa bandari ya kuondokea. Kuanzia 1824 hadi 1837 ilitiwa nanga humu Essex, manowari ya Marekani iliyokuwa imetekwa na Waingereza mwaka 1814, na ikatumiwa kama gereza la kuelea kwa wafungwa waliosubiri kupelekwa Australia. Hao ndio miongoni mwa wasafiri wa kwanza wa bandari yetu. Kisha zikaja meli za barua. Mwaka 1859 likajengwa Gati la Carlisle, na treni ikaingizwa moja kwa moja hadi ubavuni mwa meli, hivi kwamba msafiri aliteremka kwenye behewa na kupanda ngazi ya meli bila hata kunyeshewa. Upande wa pili wa bahari, Holyhead nchini Wales, treni nyingine ilikuwa ikingoja kumpeleka London.

Hapa naomba nitulie kidogo, kwa sababu ndipo moyo wa barua hii ulipo.

Katika miaka ya 1950 peke yake watu karibu 400,000 waliondoka Ireland, nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu milioni 3. Wengi wao walielekea Uingereza, na sehemu kubwa yao walipita kwenye gati hili. Walikuwa vijana wa mashambani waliokwenda kubeba matofali Birmingham na London, na wasichana waliokwenda kusomea uuguzi au kufagia mahoteli. Wazee wa mji huu wanakumbuka masanduku yaliyofungwa kamba, na namna kelele za kuagana zilivyokatika ghafla honi ya meli ilipolia. Sikuwepo, lakini hakuna haja ya kunisimulia kwa kirefu. Nimekulia Bukavu, na mandhari ya mtu mzima anayegeuza uso ili mwanawe asione machozi yake naijua. Tofauti ni kwamba sisi tuliagana kwenye stendi ya malori.

Meli hizo hizo zilirudi na barua, na ndani ya barua mlikuwa na pesa. Nyumba nyingi za magharibi mwa Ireland ziliezekwa, na watoto wengi walivalishwa viatu, kwa fedha zilizotumwa na mtu aliyeondokea Carlisle. Sisi tunatuma kwa simu na haichukui dakika mbili, ila hesabu ya anayetuma ni ile ile: kodi ya chumba kwanza, nyumbani pili, tumbo mwisho. Watu wa posta walikuwa sehemu ya mnyororo huo, na mmoja ya misiba mikubwa ya bandari hii uliwapata wao. Tarehe 10 Oktoba 1918, RMS Leinster iliondoka hapa muda mfupi kabla ya saa 3 asubuhi, ikapigwa na makombora ya nyambizi ya Ujerumani kabla ya saa 4, na watu zaidi ya 500 wakazama. Makarani wa posta waliokuwa wakipanga barua chini ya sitaha walikuwa 22, alinusurika mmoja. Nanga ya meli hiyo imewekwa kando ya barabara ya ufuoni, karibu na Gati la Carlisle, na mara nyingi nimeona watoto wakiipanda kama farasi, jambo ambalo silioni kuwa baya.

Ukiondoa nanga hiyo, mgeni anayefika leo kwenye gati lenyewe ataona nini? Lami, mistari ya kuegeshea magari, na uzio. Reli iliyoingia gatini ilifungwa mwaka 1980. Mwanzoni mwa karne hii wasanifu majengo mashuhuri walishindanishwa kubuni jengo la hapo, michoro mizuri ikaonyeshwa kwa wananchi, kisha majengo ya zamani ya kituo yakabomolewa na yale mapya hayakujengwa. Nchi ambayo robo tatu ya nyimbo zake zinahusu kuondoka, samahani kwa kutia chumvi, haina alama yoyote ya maana mahali ambapo watu wake wengi walikanyaga ardhi ya nyumbani kwa mara ya mwisho.

Najua mtaniambia kwamba nyakati zimebadilika na feri zimekwisha. Ni kweli, na inafaa tukumbushane zilivyokwisha, maana kuna funzo la kihesabu ndani yake. Mwaka 1996 kampuni ya feri ya Stena Line ilileta hapa meli ya kasi ya HSS, yenye mabodi mawili sambamba yaliyounganishwa, iliyobeba abiria 1,500 na kufika Holyhead kwa muda usiofika saa 2. Kwa ajili yake kituo kipya cha abiria kilijengwa na bandari ikapangwa upya. Lakini injini zake za tabo, mfano wa zile za ndege, zilikunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji. Mwaka 1999 biashara ya bidhaa zisizotozwa ushuru kati ya nchi za Umoja wa Ulaya ikafutwa, na faida ya maduka ya melini ikatoweka. Mwaka 2006 likafunguliwa handaki la barabara linaloingia moja kwa moja kwenye Bandari ya Dublin, malori yakahamia huko. Safari zikapunguzwa zikawa za kiangazi tu, ya mwisho ikafanyika Septemba 2014, na miezi michache baadaye kampuni ikatangaza kwamba hairudi. Takriban miaka 190 ya meli za abiria ikaishia kwenye taarifa kwa vyombo vya habari.

Sizungumzii kuirudisha HSS. Ninachosema ni kwamba mji mzima ulipangwa kwa kipimo cha meli moja ya kampuni moja, na meli ilipoondoka ukabaki na jengo kubwa lisilo na abiria. Tukilitoa Gati la Carlisle kwa mradi mmoja wa mtu mmoja, kwa mkataba wa miaka mingi, tutakuwa tumerudia kosa lile lile kwa nguo nyingine. Na hapo ndipo linapokuja suala la ubavu wa kupokea meli. Baadhi ya nchi zinapunguza safari za ndege za masafa mafupi, teknolojia ya vyombo vidogo vya umeme inakua, na meli za utalii tayari hutia nanga nje ya bandari na kuleta wageni wao kwa boti ndogo. Kina cha maji na ukuta wa gati ni vitu ambavyo vikishazibwa kwa majengo havirudi tena katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu.

Si haki kuandika kana kwamba hakuna lililofanyika vizuri. Maktaba ya LexIcon ilipofunguliwa Desemba 2014, niliungana na walioinung'unikia kwamba imesimama kama ubavu wa meli kubwa katikati ya mandhari. Leo mimi na wanangu tunaishi humo nusu ya majira ya baridi, na naitafuna kauli yangu hadharani. Mabafu ya bahari, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1843 na ambayo yalikaa magofu tangu miaka ya 1990, yamefunguliwa tena Desemba 2022, na waogeleaji wanashuka majini kwa ngazi nzuri bila kulipa hata senti.

Pale pale kwenye mabafu, kwenye kijigati kinachoingia baharini, imesimama tangu 2021 sanamu ya shaba ya Roger Casement, yenye urefu wa mita 3. Alizaliwa Sandycove, jirani kabisa, mwaka 1864. Waireland wanamkumbuka kwa kunyongwa kwake London mwaka 1916 kwa kupigania uhuru wa Ireland. Sisi wa Kongo tunamjua kwa jambo jingine: akiwa balozi mdogo wa Uingereza alipanda mto Kongo mwaka 1903, akawasikiliza watu waliokatwa mikono na waliochomewa vijiji kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akayaandika waliyosema, na taarifa yake ilipochapishwa mwaka 1904 haikuwezekana tena kwa Ulaya kusema haikujua. Mara ya kwanza nilipoiona sanamu ile nilimpigia simu mama yangu nikamwonyesha kwa video. Aliuliza swali moja tu: “Na wale waliomsimulia, majina yao yameandikwa wapi?” Sikuwa na jibu, na swali lake ndilo lililonirudisha kwenye Gati la Carlisle, mahali ambapo mamia ya maelfu walipita na hakuna jina hata moja.

Ninachopendekeza si jumba la gharama. Ondoeni magari. Acheni gati lote liwe njia ya miguu mpaka ncha yake, lenye viti, paa la kujikinga mvua na ngazi za kushukia majini. Reli ya zamani ionyeshwe sakafuni pale ilipopita. Familia zialikwe kuleta majina ya watu wao walioondokea hapo, mwaka wa safari na kijiji walichotoka, yachongwe taratibu kwenye mawe ya Dalkey, na orodha isifungwe kamwe. Makumbusho ya taifa ya mambo ya bahari, ambayo yamo ndani ya kanisa la zamani la mabaharia umbali wa dakika chache na yanaendeshwa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea, yapewe dhamana ya kukusanya simulizi na vitu vya safari hizo kabla kizazi cha miaka ya 1950 hakijamalizika. Kizazi hicho hakina muda wa kusubiri kamati nyingine.

Kuhusu fedha, hapa nageukia Mawaziri. Kampuni ya bandari ilipovunjwa mwaka 2018, bandari nzima ilikabidhiwa Halmashauri, pamoja na kuta zake zenye umri wa miaka 200. Miezi michache kabla ya hapo, Machi 2018, dhoruba Emma ilikuwa imeng'oa mawe makubwa ya Gati la Mashariki, ikatuonyesha sote kazi ambayo kuta hizo hufanya na gharama ya kuzitunza. Bandari hii ilijengwa kwa fedha za dola, kwa ajili ya meli za dunia nzima, na kwa zaidi ya karne moja na nusu ilitunzwa na serikali kuu. Si sawa kaunti moja ibebeshwe mzigo huo kwa kodi za maduka ya mtaani, kwa maana halmashauri iliyobanwa na matengenezo ndiyo hushawishika haraka kuuza au kukodisha kipande cha ufuo ili izibe pengo. Wekeni fungu la kudumu la kitaifa kwa ajili ya magati mawili makubwa, nanyi madiwani mtapata nafasi ya kuamua juu ya Carlisle bila kisu shingoni.

Mwisho ninaomba jambo dogo la utaratibu. Kabla uamuzi wowote haujafikishwa kwenye kura, fanyeni mkutano wa wananchi, na msiufanyie ukumbini. Ufanyieni gatini, siku ya kazi, jioni, wakati ambao meli ya barua ilikuwa ikiondoka kwenda Holyhead. Mwalike wazee walioagana pale na waliorudi. Viti nitasaidia kuvibeba.

Wenu,
Mkazi wa Dún Laoghaire, mzaliwa wa Bukavu